Nusu siku ya maziwa ukitoka Goma: Lac Vert, au Burera na Ruhondo?

Mama mkwe wangu alitoka Bukavu kwa boti, akalala kwetu Himbi, mtaa wa Goma, siku mbili akiitazama Kivu, ambayo ni ile ile aliyoiacha nyumbani kwake. Siku ya tatu akasema mezani, bila kumwangalia mtu: "Nimesikia kuna maziwa mengine huko milimani." Kwa desturi yetu mkwe haambiwi mara mbili. Nikaona ni jambo jepesi: tutoke asubuhi, tutazame, turudi kula mchana. Imenichukua safari tatu kuelewa kwamba kuna nusu siku za aina mbili, na kwamba kabla ya kuchagua ziwa inafaa kwanza ujue saa zako zitaliwa wapi.

Maziwa ninayoyalinganisha ni haya. Upande wetu, Lac Vert, kiziwa kidogo cha kijani ndani ya shimo la volkano, magharibi mwa mji, unakifikia kabla ya mji wa Sake. Upande wa pili wa mpaka, nchini Rwanda, Burera na Ruhondo, maziwa pacha karibu na Musanze, ule mji ambao wakubwa wetu bado wanauita Ruhengeri. Kote kuwili utaambiwa ni matembezi ya nusu siku pamoja na kiongozi, yule tunayemwita gide. Jina ni moja tu.

Nusu siku ya nani?

Kampuni za Musanze zikiandika nusu siku, zinahesabu kuanzia mlangoni mwa hoteli ya Musanze. Wanakuchukua saa mbili asubuhi, wanakurudisha saa saba, na hesabu yao ni ya kweli kabisa kwa mtu aliyelala pale. Wewe uliyelala Himbi au Katindo una mpaka wa kuvuka, kisha barabara ya lami ya kilomita kama 60 kutoka Gisenyi inayopanda na kujipinda hadi Musanze. Hiyo barabara peke yake weka saa moja na nusu, kwenda tu. Mpaka hauna saa. Siku nyingine unapita kama maji, siku nyingine unasimama nyuma ya mama hamsini wa biashara wenye nyanya na unga, ambao wana haki zaidi yako kwa sababu wao wanatafuta chakula na wewe unatafuta picha.

Safari yetu ya kwanza tulifika Musanze saa nne badala ya saa mbili. Kampuni niliyoilipa, sitaitaja, ilitupokea vizuri, ikatupa maji, ikatupeleka hadi kilimani kutazama, halafu saa sita shofere akageuza gari. Mtumbwi tulioulipia hatukuuona. Nilipouliza, kijana akanionyesha karatasi kwa adabu: kurudi saa saba, imeandikwa. Na kweli ilikuwa imeandikwa. Mama mkwe hakusema kitu njia nzima hadi Gisenyi, na mwenye mama mkwe anajua ukimya huo una uzito gani.

Lac Vert hakuna hesabu hiyo. Unashika barabara ya Sake, unapita Ndosho na Mugunga, unakata kushoto kuelekea Kivu. Gari au moto, yaani pikipiki, ukitoka katikati ya mji saa mbili na nusu, saa tatu na nusu uko juu ya ukingo, na saa sita uko nyumbani unanawa mikono. Hiyo ndiyo nusu siku yenyewe. Burera na Ruhondo kwa mtu wa Goma ni siku nzima iliyoandikwa nusu, labda ulale Musanze usiku wa kuamkia. Tulipolala, safari ya tatu, kila kitu kilikaa mahali pake.

Macho yanapata nini

Hapa siwezi kupendelea kwetu. Lac Vert ni dogo. Ukisimama ukingoni unaliona lote kwa mara moja, kama supu ndani ya bakuli. Rangi yake ya kijani inatokana na mwani, na hubadilika jua linapopanda: asubuhi ni zito kama sombe, mboga ya majani ya muhogo, adhuhuri linang'aa. Uzuri wake hasa ni kwamba upo kwenye ukuta mwembamba kati ya maji mawili. Ukitazama huku ni kijani ndani ya shimo, ukigeuza kichwa ni Kivu ya bluu hadi macho yachoke. Dakika ishirini za kwanza hutaki kusema. Baada ya saa moja umemaliza, na watoto wameanza kuuliza soda.

Burera na Ruhondo hayaishi haraka hivyo. Gari linapanda mgongo wa mlima, na kwenye kona moja yanatokea yote mawili, moja kila upande, Burera juu na Ruhondo chini, na nyuma yake Muhabura yenye mita 4,127, imesimama kama mtu anayelinda ng'ombe. Kukiwa safi unaiona na Sabyinyo, ile yenye meno. Miteremko yote imelimwa hadi majini, viazi, maharagwe, mistari kama nywele za msichana aliyesukwa jana. Visiwa vina nyumba na moshi. Burera lina kina cha zaidi ya mita 170, na rangi yake haifanani na ya Ruhondo hata kidogo, ingawa ni jirani wa kurushiana jiwe.

Lakini kilichomshika mama mkwe, aliyekuwa mwalimu miaka mingi, ni namna maziwa hayo yalivyozaliwa. Yote ni watoto wa volkano za Virunga, ila kwa njia mbili. Lac Vert ni shimo: moto wa chini ulikutana na maji, ukapasuka, ukaacha bakuli, bakuli likajaa. Burera na Ruhondo ni mabonde ya mito yaliyozibwa. Lava ya volkano ilishuka, ikaziba mlango wa bonde, maji yakakosa pa kutokea yakapanda. Kivu yetu nayo ina historia hiyo hiyo ya kuzibwa. Zamani sana maji yake yalielekea kaskazini. Virunga zilipoinuka na kufunga njia, yakajaa hadi yakapata mlango kusini, pale Bukavu, yakawa Ruzizi.

Kiongozi wetu wa Musanze, kijana mwembamba mwenye Kiswahili cha kutafuta maneno, alichora hayo kwa kijiti kwenye udongo. Kisha akamwonyesha mama mkwe Ntaruka, kituo cha umeme. Burera liko karibu mita 1,860 juu ya bahari, Ruhondo kama mita 100 chini yake, na tangu 1959 maji yanashushwa kwa mabomba kutoka ziwa la juu hadi la chini kuzungusha mitambo ya umeme, megawati zipatazo 11. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Burera lilipungua hadi Rwanda ikakosa umeme, kwa sababu kinamasi cha Rugezi kinacholilisha kilikuwa kimekatwa mifereji na kulimwa. Wakakifunga kilimo, kikarudi, maji yakarudi. Mama mkwe akauliza swali ambalo mimi nisingelifikiria: "Na yakitoka Ruhondo yanakwenda wapi?" Yanaingia Mukungwa, Nyabarongo, Akagera, ziwa Victoria, Nili, yanafika Misri. Ya Kivu yanashuka Ruzizi, Tanganyika, Lukuga, Lualaba, yanatokea Banana kwenye Atlantiki. Kwa hiyo asubuhi ile tulikuwa tumevuka mgongo wa Afrika kwa basi dogo la abiria tukila mandazi.

Kusema kweli, maelezo hayo ndiyo niliyolipia. Bila kiongozi ningeona maji mawili na mlima.

Gide wa kuelimisha na gide wa kukulinda

Watu huuliza: lazima kiongozi? Si naweza kuchukua moto mwenyewe?

Kwa Burera na Ruhondo unaweza. Kuna njia, kuna vijiji, kuna wavuvi watakaokuvusha kwa mtumbwi mkikubaliana bei kabla ya kupanda, na hapo "kabla" si neno la mapambo. Moto za Musanze zinafika. Utakachopoteza ni kona sahihi za kusimama, hadithi, na mara nyingi jile la kuelea, yaani jaketi la kuokoa maisha majini, kwa sababu mtumbwi wa mvuvi hauna. Sisi wa Kivu tunajidanganya kwamba tunayajua maji. Uliza jile kabla ya kulipa kampuni pia, ulione kwa macho, ulivae. Mtu aliyekwisha kwenda mara moja na kiongozi anaweza kurudi bila yeye.

Kwa Lac Vert, ambako njia ni fupi na hadithi ni chache, nasema usiende bila mtu wa pale. Sababu ya kwanza ni mazuku. Mtoto wa Goma analijua neno hili kabla ya kujua kusoma, na limeenda hadi kwenye maandishi ya wanasayansi wa volkano duniani bila kutafsiriwa. Mgeni halijui. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kimya kimya. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inalala kwenye mashimo na mabondeni kama maji yasiyoonekana. Haina rangi, na huwezi kuitegemea pua. Mbuzi anaingia kula majani hatoki. Mtoto anamfuata mbuzi. Mtu mzima anainama kumwokota mtoto. Ukanda wote wa pwani ya Kivu kati ya Goma na Sake una mashimo hayo, na kando ya Lac Vert yamo. Mwenyeji anajua lipi. Atakuonyesha mijusi na ndege waliokufa, nyasi zisizofanana na nyingine, na atakukataza kuketi kivulini pale chini panapoonekana pazuri kuliko pote. Mtii.

Sababu ya pili ni vita. Kwa watu wengi wa mji huu Lac Vert si jina la maji. Ni jina la mahema. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Mugunga na Lac Vert, yakaua watu waliokuwa wamekwisha kimbia mara mbili, mara tatu. Mwezi wa kwanza 2025 vita vikafika mjini kwenyewe. Ukipita huko na kamera shingoni, mtu wa mahali hapo ndiye atakayekuambia pa kuinua kamera na pa kuishusha, nani wa kusalimiwa kwanza, na njia ipi haijapitwa siku hizi. Usiache njia iliyokanyagwa, usiokote chuma usichokijua. Asubuhi ya safari yenyewe piga simu kwa mtu anayeishi huko, si kwa anayeuza safari. Akisita kujibu, umeshajibiwa. Sisi tuliahirisha mara mbili, na mama mkwe hakununa.

Saa ya kufika

Maziwa haya yanapingana hata kwa saa. Burera na Ruhondo yanataka alfajiri. Muhabura huvaa kofia ya mawingu mapema, na kufikia saa nne unaweza kukuta mlima umeondoka kabisa, umebaki na maji ya kijivu. Aliyelala Musanze akitoka saa kumi na mbili anapata ukungu unaopaa juu ya Ruhondo polepole kama moshi wa jikoni, na wavuvi wakirudi. Anayetoka Goma siku hiyo hiyo hawezi kupata hayo, hata akivuka wa kwanza.

Lac Vert, kinyume chake, usiliwahi mno. Mazuku hujaa usiku na asubuhi mapema wakati hewa imetulia. Jua likipanda na upepo wa ziwa ukiamka, hupungua. Haziishi, hupungua. Saa tatu na nusu hadi saa tano ndiyo nafasi nzuri, na bahati njema rangi nayo inakuwa bora saa hizo.

Kuhusu majira, miezi ya sita hadi ya nane njia ni kavu, ila vumbi na moshi wa mashamba hufunika milima. Mimi napenda siku mbili baada ya mvua kubwa, hewa ikiwa imeoshwa, na viatu vya kubadilisha garini.

Mfuko na makaratasi

Bei sitaziandika, zitakuwa zimebadilika kabla hujamaliza kusoma. Ila jua zimeundwaje. Musanze unalipia gari, na gari ni bei ile ile mkiwa wawili au wanne. Kwa hiyo tafuta wenzako, bei kwa kichwa inashuka sana. Uliza kama mtumbwi umo ndani, maana mara nyingi ni wa kulipia kando. Ongeza usiku mmoja wa hoteli kama umenisikiliza. Lac Vert unalipia moto au teksi kwa nusu siku, kiongozi wa mahali hapo, na kitu kidogo kwa wanaolinda njia. Hata ukiwa mkarimu, haifiki robo ya ile nyingine.

Makaratasi ya Lac Vert ni kitambulisho chako mfukoni. Ya Burera yanataka kufikiria. Jetoni tunayovukia kwenda sokoni Gisenyi ni karatasi ya mtu wa mpakani, usiitegemee hadi Musanze. Beba pasipoti au lesepase ya CEPGL, kibali cha kusafiria cha jumuiya ya Kongo, Rwanda na Burundi. Saa za kufunga mpaka zimebadilika mara nyingi miaka hii, ziulize siku unayovuka, siyo za mwezi jana. Na acha sasheti nyumbani. Rwanda imekataza mifuko ya plastiki tangu 2008, na mpakani watamwaga vitumbua vyako juu ya meza mbele za watu. Shemeji yangu yalimpata. Sasa tunabeba kwenye kikapu.

Jambo jingine ambalo halijaandikwa kwenye tangazo lolote: Jumamosi ya mwisho wa mwezi kule ni umuganda. Asubuhi watu wote wanafanya kazi za jamii, maduka yamefungwa, magari ni machache barabarani. Nusu siku yako itakuwa imekufa kabla ya saa tano.

Na mengine?

Tchegera, kile kisiwa cha nusu mwezi ambacho ni ukingo wa volkano iliyozama Kivuni, ni kizuri na kimo ndani ya hifadhi ya Virunga, lakini ni safari ya boti na ya kulala, si ya ziwa la mlimani. Karago liko karibu na Mukamira, unapopita ukielekea Musanze; chepuka kidogo, utaona ziwa linalozeeka kwa udongo uliotelemka kutoka Gishwati baada ya misitu kukatwa. Maziwa ya Mokoto huko Masisi nayaota tangu utoto, baba alikuwa akiyasimulia pamoja na watawa wa pale. Masisi wana maziwa ya aina zote mbili, ya kunywa na ya kuvua. Lakini si nusu siku, na kwa sasa si njia ya kumpeleka mama wa mtu.

Basi mimi ningegawanya hivi. Una asubuhi moja tu, watoto wakubwa wanaosikia amri, pesa kidogo na mwenyeji unayemwamini: Lac Vert, kama njia imetulia. Una watoto wadogo wanaokimbia hovyo: si Lac Vert, hata kwa bure. Una mgeni aliyetoka mbali, au mzee anayependa kuuliza maswali: Burera na Ruhondo, mlale Musanze, mchukue kiongozi siku ya kwanza. Una nusu siku ya kweli na unataka Burera: ngoja wiki nyingine.

Safari ile ya tatu tulifika majini saa moja asubuhi, wakati Muhabura bado iko wazi. Mtumbwi ulikuwa mwembamba, na hapo nikakumbuka shida niliyokuwa sijaipigia hesabu: mkwe haketi bega kwa bega na mama mkwe wake, na mtumbwi hauna chumba cha pili. Kiongozi alielewa bila kuambiwa. Akaniweka mbele kabisa, uso kwa maji, akamweka mama nyuma karibu na mpiga kasia, na mke wangu katikati kama mpaka. Kwa hiyo Ruhondo nimeliona vizuri sana, upande wa mbele tu. Nyuma yangu nilisikia mama akimuuliza mpiga kasia maji yale yanachukua siku ngapi kufika Misri, na mpiga kasia akijibu, "Mama, mimi naishia pale kisiwani."